Mbuzi aliyepotea ku redio: kwa nini komunike ndogo za Masisi na Walikale zina kazi kubwa



Leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakipita bila kukiangalia: redio ya jamii ya mashambani. Si ile ya muji, yenye muziki usiku muzima. Nasema ile ndogo, ya antena moja juu ya kilima na chumba kimoja chenye magodoro ukutani ju ya kuzuia mwangwi. Ukiisikiliza jioni, mu Masisi ao mu Walikale, utasikia mambo ya namna hii. Mbuzi mweusi mwenye kamba shingoni amepotea, mwenye kumuona amupeleke kwa shefu wa kijiji. Familia fulani inajulisha jamaa wa Nyabiondo na Mweso kama mama yao amefariki, maziko ni kesho. Daraja limeanguka, wamotari wapitie njia ya juu. Siku ya soko imebadilika.

Tukishapata lisanse, komunike hizi zinatuchekesha. Tunasema ile si habari. Habari ni Doha, ni Kinshasa, ni bei ya koltani mu dunia. Mimi, kama mutu wa agronomi ambaye kazi yake ni kufikisha maneno kwa walimaji, nitajaribu kueleza kinyume: ile komunike ya mbuzi ndiyo msingi wa nyumba. Ukiiondoa, hata habari kubwa haisimami. Na sisi tunaopenda kupeleka «sensibilizasio» vijijini, tusipoelewa jambo hili, tutakuwa tunasemea hewa.

1. Redio ya jamii ni redio gani?

Wakati wa chama kimoja, redio ilikuwa ya Serikali. Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990, na kutoka hapo mlango ulianza kufunguka. Mu Kivu, Radio Maendeleo ya Bukavu ilianza mwaka 1993, ikiwa mikononi mwa mashirika ya raia. Kisha ikaja sheria ya tarehe 22 Juni 1996 juu ya uhuru wa magazeti na redio. Sheria hiyo ilidumu miaka mingi, mpaka ikabadilishwa na ile ya tarehe 13 Machi 2023. Tangu sheria ya Januari 2011, kuko pia baraza la CSAC linalosimamia vyombo vya habari.

Lakini historia haikwenda sawa vile maji ya muto. Vita ya 1998 ilipokuja, waasi wa RCD walishika mashariki, na mwaka 1999 wakafunga Radio Maendeleo. Tarehe 25 Februari 2002, siku ileile mazungumzo ya Wakongomani yalifunguliwa Sun City, Radio Okapi ilianza kusikika, ikiungwa mukono na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle. Okapi inasema Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Kiluba na Kikongo, na inasikika inchi karibu yote.

Sasa mutu atauliza: kama Okapi iko, redio ndogo ni ya nini? Jibu ni rahisi. Okapi itakuambia gavana amesema nini. Haiwezi kukuambia mbuzi wa jirani yako ameonekana wapi. Redio ya jamii si ya Serikali, si ya mufanyabiashara mumoja, haitafuti faida. Ni ya komite ya watu wa mahali, mara nyingi na musaada wa kanisa ao wa shirika. Inasema Kiswahili chetu, na inaweza kuongeza Kihunde, Kinyarwanda ao Kitembo mu Masisi, Kinyanga ao Kikano mu Walikale. Mu Kivu ya Kaskazini redio za aina hii zimekusanyika mu muungano unaoitwa CORACON.

2. Sauti inapita wapi, na inaishia wapi?

Hapa tuingie kidogo mu fizika, si muzigo mukubwa.

Mawimbi ya FM yanatembea karibu sawa na mwanga: kwa mustari ulionyooka. Kilima kikisimama mbele, nyuma yake kunabaki kivuli. Masisi ni inchi ya vilima vinavyopita metre 2000, na mabonde marefu katikati. Kwa hiyo antena yenye nguvu kidogo juu ya kilima inaweza kushinda antena yenye nguvu nyingi iliyo bondeni. Na tusidanganyike: ukitaka sauti ifike mbali mara mbili, kuongeza nguvu mara mbili hakutoshi, unahitaji karibu mara 4. Njo maana redio ndogo haiwezi tu «kununua mashini kubwa» na matatizo yakaisha.

Walikale ni hadisi ingine. Masisi iko na kilometre mraba 4734. Walikale iko na 23475, ni kusema karibu mara 5, na sehemu kubwa ni pori. Vijiji vimefuata barabara na mito, vimeachana mbali. Redio moja ya Walikale-centre haiwezi kufikia Pinga, wala Itebero, wala Ntoto kwa pamoja. Teritware inaonekana moja ku karata, lakini kwa masikio ni visiwa.

Halafu kuko moto wa umeme. Pengi hakuna waya wa SNEL, redio inaishi na pano za jua, batri, ao grupe inayokunywa esansi iliyoletwa na moto. Mvua ikinyesha wiki nzima, batri zinachoka. Barabara ikikatika, esansi inapanda bei. Kwa hiyo redio haisemi siku muzima. Inasema asubuhi kabla watu hawajaenda shamba, na jioni wakirudi.

Na upande wa musikilizaji? Mwingine ana kiredio cha batri chenye tochi. Mwingine anatumia simu, na simu nyingi haziwezi kushika FM bila ekuta masikioni, ju waya wa ekuta ndio unafanya kazi ya antena. Sasa ujiulize: mu nyumba, nani anashika kile kiredio? Mara nyingi ni baba. Akienda nacho kunywa kasiksi, mama aliyebaki kwenye moto wa jikoni hakusikia kitu. Ukiandika mu raporo «tumegusa watu 50000 kupitia redio», ulihesabu antena, haukuhesabu masikio.

Lakini pia kuko jambo la kufurahisha: neno la redio halibaki ku redio. Mumoja anasikia, kesho yake sokoni watu kumi wanajua. Motari analibeba mpaka kijiji ambacho mawimbi hayafiki. Redio ndogo inawasha neno, watu ndio wanalitembeza.

3. Komunike inalipa vitu viwili

Ya kwanza ni pesa. Redio ya jamii haiishi na mushahara wa Serikali. Wengi wanaofanya kazi pale ni volontere: asubuhi ku mikro, muchana shambani ao shuleni kufundisha. Anayeleta komunike anatoa pesa kidogo. Kanisa linalipa saa yake. Shirika linalipa kipindi chake. Ndiyo inanunua esansi na betri za rekoda.

Hapa kuko hatari. Pesa ya shirika ni kubwa kuliko ya komunike, lakini ina mwisho. Projet ikifunga, redio inabaki na kanda za jingle na deni. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya inje, mashirika mengi ya huku yalisimama mara moja, na kazi zao nyingi zilikuwa zinapita ku redio. Tena kuko ile desturi ambayo wajurnalisti wa Kongo wanaiita «kupaje»: mwenye habari anatoa kitu ili habari yake ipite. Jurnalisti asiye na mushahara ni vigumu kuikataa. Lakini musikilizaji naye si mujinga. Anajua kutofautisha sauti ya jirani na sauti iliyolipiwa.

Ya pili, na hii ndiyo moyo wa maandiko haya, ni imani. Angalia vizuri komunike ya kifo. Redio inasema mama fulani amefariki, maziko ni kesho saa nne. Kesho unaenda: unakuta watu wamekaa, unakuta kaburi. Redio ilisema kweli. Redio inasema daraja limeanguka: motari anaenda, anakuta daraja liko ndani ya maji. Kweli tena. Mbuzi ameonekana kwa shefu: mwenyewe anaenda, anamukuta. Mara mia moja mu mwaka, musikilizaji anapima redio kwa macho yake mwenyewe, na redio inafaulu.

Ile ndiyo akiba. Siku redio itasema neno ambalo musikilizaji hawezi kulipima mwenyewe, kama vile ugonjwa usioonekana, sheria mupya, ao hatari inayokuja, atalipima kwa ile akiba. Atasema: hawa watu hawakunidanganya ju ya mbuzi, hawatanidanganya ju ya hili. Redio isiyo na komunike ndogo, yenye paka mahubiri ya maendeleo kutoka asubuhi mpaka jioni, haina akiba. Inatoa bila kuweka.

4. Mufano wa shambani: migomba inayonyauka

Nichukue mufano mu fani yangu. Mwaka 2001, ugonjwa mupya wa migomba ulionekana mu Masisi. Ilikuwa mara ya kwanza mu Kongo, na mwaka uleule Uganda nayo iliuona. Mbele ya pale ulijulikana Ethiopia, tangu miaka ya 1960. Sisi shuleni tunauita Xanthomonas. Wasemao Kinyarwanda wanauita kirabiranya. Majani yanageuka manjano na kulegea, ua la chini linakauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na haziivi sawasawa. Ukikata mugomba unaona usaha wa manjano. Kwa familia inayokula ndizi, inayouza ndizi na inayotengeneza kasiksi, ile ni njaa pamoja na deni la shule.

Ugonjwa unapita njia tatu kubwa: wadudu wanaotembelea ua la dume, mupanga uliokata mugomba mugonjwa na kisha kukata muzima, na vichipukizi vinavyopelekwa kutoka shamba lenye ugonjwa. Dawa ya kupulizia hakuna. Kuko paka usafi na kazi ya mikono.

Sasa ona jinsi neno linavyoweza kufika ao kupotea. Mashauri ya mwanzo yalikuwa: mugomba mumoja ukigonjwa, ngoa kichaka chote na watoto wake, ngoja miezi, ndipo upande tena. Kisayansi ilisimama. Lakini kwa mama mwenye shamba dogo na jembe moja, ambaye labda wiki ijayo atakimbia vita, ni sawa kumwambia avunje nyumba ju ya panya. Wengi walisikia, wakanyamaza, hawakufanya. Baadaye utafiti uliofanyika huku kwetu Kivu ulionyesha njia nyepesi: kata ile shina gonjwa peke yake, chini kabisa ku udongo, mara tu unapoiona, vunja ua la dume kwa muti wenye panda, si kwa kisu, mara tu mukono wa mwisho wa ndizi umeshajitokeza, mupanga upitishe ku moto ao mu javeli kabla ya kugusa mugomba mwingine. Ukiendelea hivyo bila kuchoka, ugonjwa unashuka sana.

Kuko sharti moja: majirani wote wafanye. Nikisafisha shamba langu na wewe hausafishi, nyuki haijui mupaka wetu. Ni hapa redio inashinda kila kitu kingine. Agronome akitembea kwa miguu anaongea na familia tano kwa siku. Redio inaongea na kilima kizima saa ileile, na kila mumoja anajua kama jirani yake naye amesikia. Huwezi tena kusema «sikuambiwa».

Lakini lazima neno liwe la namna gani? Linganisha. Wa kwanza anasema: «Bakteria Xanthomonas inasababisha hasara kubwa ya kiuchumi, walimaji wanaombwa kuchukua hatua za kujikinga.» Wa pili anasema: «Kesho asubuhi, kabla ya kuanza kulima, tembea mu migomba yako na muti wenye panda. Kila penye ndizi zimeisha kutoka, vunja ua. Usitumie kisu. Wiki ijayo, siku kama hii, tutauliza kijiji gani kimemaliza.» Wa kwanza ana lisanse. Wa pili ana wasikilizaji. Neno lake ni sawa na komunike ya mbuzi: liko na siku, mahali, kitendo, na kesho yake unaweza kulipima.

5. Siku imani inakosekana

Mwaka 2018, tarehe 1 Agosti, Serikali ilitangaza Ebola mu Kivu ya Kaskazini. Ilidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020: wagonjwa 3470, waliokufa 2287. Agosti 2019 iligusa hata Pinga, mu Walikale.

Wengi tunakumbuka uvumi wa wakati ule: Ebola ni biashara, Ebola ni siasa. Tulisema «watu hawajasoma». Mimi naona tulikosea kupima. Musikilizaji alikuwa anapima vizuri kabisa kwa vipimo alivyokuwa navyo. Miaka mingi watu waliuawa na hakuna aliyekuja. Kisha ghafla magari mapya yanakuja, wageni, pesa, na redio zote zinasema neno moja, saa zote. Ugonjwa wenyewe hauonekani kwa macho. Angepima na nini?

Tarehe 2 Novemba 2019, Papy Mumbere Mahamba, mutangazaji wa Radio Lwemba, mu teritware ya Mambasa kule Ituri, aliuawa nyumbani kwake. Alikuwa anahamasisha wasikilizaji juu ya Ebola. Bibi yake alijeruhiwa, nyumba ikachomwa. Ukisoma hadisi ile usiseme paka «ujinga». Jiulize nani aliweka mutu mumoja wa kijiji mbele, peke yake, abebe neno ambalo dunia nzima ilishindwa kulieleza. Sisi tunaotuma ujumbe kutoka ofisi tunarudi nyumbani salama. Anayeusoma ku mikro analala palepale, na jina lake linajulikana.

Kwa hiyo akiba ya redio haitoshi kila siku, na wengine wanaweza kuitumia mpaka ikaisha. Kila shirika linalolipa kipindi linakopa ile imani. Ni haki liulizwe litairudisha namna gani.

6. Pale ambapo hakuna sauti

Kuko tukio lingine la Walikale ambalo lazima kila mwanafunzi wa Kivu alijue. Kutoka tarehe 30 Julai mpaka 2 Agosti 2010, watu wenye silaha waliingia mu vijiji 13 ku barabara ya Kibua kwenda Mpofi. Luvungi ndiyo ilijulikana zaidi. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanamuke 300, wanaume 23, mabinti 55 na watoto wanaume 9. Kambi ya walinda amani ilikuwa Kibua, ku barabara ileile. Luvungi haikuwa na mutandao wa simu. Dunia ilikuja kusikia vizuri baada ya wiki tatu hivi. Haki nayo ilichelewa: Ntabo Ntaberi Sheka, mumoja wa wakubwa wa vikundi vilivyohusika, alihukumiwa kifungo cha maisha na korti ya kijeshi Goma mu Novemba 2020.

Naleta tukio hili ju linaonyesha kitu ambacho redio haiwezi kufanya peke yake. Redio inasema, lakini haisikii. Kiredio cha batri cha mama wa Luvungi kingeweza kumuletea muziki na hotuba usiku ule, hakingeweza kupeleka kilio chake. Redio inakuwa na masikio pale tu ambapo kuko watu wanaoiletea habari: motari, mwalimu, muuguzi wa santre ya afya, mama muuza muhogo. Mutu yule anayeleta komunike ya mbuzi leo ndiye atakuja mbio siku ya hatari, ju anajua mulango uko wapi na nani atamupokea. Ile njia haijengwi siku ya hatari. Inajengwa na mbuzi.

7. Na sasa, katikati ya vita

Hali ya leo munaijua. Hali ya dharura ilianza kutumika mu Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021. Mwisho wa Aprili 2024 M23 ilishika Rubaya, mwanzo wa Januari 2025 ikashika Masisi-centre, mwisho wa mwezi uleule Goma, na tarehe 19 Machi 2025 ikaingia Walikale-centre, kisha ikatoka mwanzo wa Aprili. Journaliste en danger na Reporters sans frontières wameandika mara nyingi juu ya redio za mashambani za Kivu ya Kaskazini zilizoporwa ao kufungwa. Tarehe 27 Septemba 2024, Edmond Bahati, aliyeongoza Radio Maria Goma, aliuawa kwa risasi. Januari 2025, waziri wa sheria wa Kinshasa alitishia adhabu ya kifo kwa anayesambaza mambo ya M23, wajurnalisti wakiwemo. Na pale M23 inapotawala, redio inajua nani ana bunduki nje ya mulango. Mutangazaji wa kijiji amebanwa pande zote, na hana gari la kukimbilia.

Kwa hiyo nisiseme komunike ndogo haina hatari. Mu wakati huu, «barabara iko wazi» inaweza kuwa habari ya kijeshi. «Wakimbizi wamelala ku shule fulani» inaweza kumuonyesha muuaji njia. «Mtoto ameonekana, jina la baba yake ni hili» inaweza kumufikia asiye baba. Ndiyo maana mu vita kazi ya kuchagua la kusema na la kunyamazia inakuwa ngumu kuliko kazi ya kusema. Redio inayonyamaza leo ili watu wasife haijashindwa. Lakini ikinyamaza siku mingi, uvumi unakaa ku kiti chake, na uvumi haupimwi na mutu.

8. Sisi tuliosoma tufanye nini?

Wengi wetu tutatumwa siku moja kwenda «kufanya emisio». Ninapendekeza mambo matano, ya kawaida kabisa.

Moja: sikiliza redio ile wiki nzima kabla ya kuomba mikro. Andika komunike zote. Zitakuambia watu wanaogopa nini, wanauza nini, wanatafuta nini, kuliko anketi yako ya maswali 60.

Mbili: kitendo kimoja kwa kipindi kimoja, na kiwe kitendo ambacho mutu anaweza kukifanya kesho na vitu alivyo navyo. Muti wenye panda, ndiyo. Mashini ya kupimia udongo, hapana.

Tatu: tumia neno la mahali. Uliza wazee wanaitaje ugonjwa ule. Kama ni lazima kusema neno la shule, lieleze mara moja na uliache.

Ine: rudi. Wiki ya pili useme kilichotokea, hata kama shauri lako halikufanya kazi mahali fulani. Na swali likikuzidi, useme «sijui, nitauliza», kisha uulize kweli na ulete jibu. Musikilizaji anasamehe asiyejua. Asiyerudi hasamehewi.

Tano: kama projet yako inalipa saa ya redio, iache nafasi ya komunike kabla na baada. Usinunue jioni nzima. Ukifukuza mbuzi, umefukuza na wasikilizaji wako. Na uliza saa gani akina mama wanaweza kusikia, kisha ufuate saa ile, hata kama ni saa yako ya kulala.

Kuko wanaosema WhatsApp itaua redio hizi. Sioni hivyo kwa karibu. WhatsApp inahitaji mega, mutandao na kusoma, na sauti inayofika mu grupe haina kilima: haujui ilisemwa wapi, lini, na nani. Redio ndogo ina kilima. Ikidanganya, watu wanajua kwa kwenda kuuliza. Kama tunataka kusadikiwa vijijini kwetu, tuanze kwa kusema mambo ambayo watu wanaweza kwenda kuyaangalia wenyewe kesho asubuhi.